Kubadili saizi ya jante Goma: pima ubavu wa tairi kabla hujatoa pesa

Swali ambalo fundi wa tairi huulizwa kila siku ni "jante hii itaingia?" Mara nyingi inaingia. Nati zinashika, gari linashushwa, mwenyewe anafurahi. Baada ya majuma machache ubavu wa tairi unatoa nundu, usukani unaanza kuvuta upande mmoja, na amortisa iliyokuwa nzima inavuja mafuta. Jante kuingia kwenye bolti ni sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ni kile kinachobaki kati ya jante na barabara, yaani mpira na upepo, maana ulaini wa gari na utiifu wa usukani hutoka hapo.

Goma jambo hili lina uzito wake. Ukiacha lami ukaingia mitaa ya ndani ya Ndosho, Majengo au Mabanga, unakanyaga makoro: mawe ya lava ya Nyiragongo, meusi, yenye matundumatundu na makali kama chupa iliyovunjika. Mlipuko wa Januari 2002 ulileta lava hadi katikati ya mji, na watu wakafungua njia juu ya lava ileile. Tairi inayodumu miaka kwenye lami ya Lubumbashi inaweza kupasuka ubavu hapa siku ya kwanza. Kwa hiyo tunasema wazi tangu mwanzo: kwa gari linaloshinda kwenye makoro, tunapendelea jante ndogo yenye mpira mrefu. Sababu na hesabu ziko hapa chini, ili hata anayetaka jante kubwa ajue anachokitoa.

Kwa wasomaji wa Kenya na Tanzania: jante ni rimu, amortisa ni shokabzoba, fereni ni breki, ekilibraji ni kubalansi magurudumu, paralelisme ni kunyoosha mwelekeo wa magurudumu (alaimenti), na kwado ni fundi wa kuziba pancha.

Hatua ya 1: Soma gari lako, usisome tairi iliyovaliwa

Fungua mlango wa dereva, tazama nguzo ya mlango. Kuna kibandiko chenye saizi ya tairi na kiasi cha upepo. Magari mengi ya hapa yametoka Japani na maandishi ni ya Kijapani, lakini namba zinasomeka na kila mtu. Ukiona 220 kPa, hiyo ni kama kilo 2.2 kwenye mita ya kwado. Andika namba zote kwenye simu. Usianze na saizi iliyoandikwa kwenye tairi za sasa, kwa sababu huenda mwenye gari wa kwanza alishazibadili, nawe utakuwa unajenga juu ya kosa lake.

Chukua mfano wa 225/65R17 102H. 225 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni asilimia: ubavu una urefu wa 65% ya upana huo. 17 ni kipenyo cha jante kwa inchi. 102 ni alama ya mzigo, na maana yake tairi moja inabeba hadi kilo 850. H ni alama ya mwendo, 210 kwa saa. Herufi ya mwendo haimsumbui mtu wa Goma, lakini alama ya mzigo inahusu maisha ya watu. Gari linalopakia magunia ya maharage au makala (makaa) nyuma ya abiria halifai kuvishwa tairi yenye alama ya mzigo iliyo chini ya ile ya kiwandani, hata tairi hiyo ikiwa mpya na ya bei nzuri. Tairi fupi mara nyingi hubeba mzigo mdogo kwa kuwa ndani mna upepo kidogo, na upepo ndio unaobeba gari.

Tazama pia tarakimu nne mwishoni mwa alama ya DOT iliyo kwenye ubavu wa tairi. 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi ya mtumba yenye meno mazuri lakini umri wa miaka kumi ina mpira mkavu, na mpira mkavu haunyumbuliki juu ya jiwe. Unachanika.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya ubavu na ya kipenyo

Hesabu ni mbili, na simu inatosha.

Ubavu = upana × asilimia ÷ 100.
Kipenyo kizima = (inchi za jante × 25.4) + (ubavu × 2).

Tuchukue RAV4 ya 2006 hadi 2012, gari ambalo kiwanda chenyewe kililitoa na saizi tatu:

215/70R16: ubavu 150.5 mm, kipenyo 707.4 mm
225/65R17: ubavu 146.3 mm, kipenyo 724.3 mm
235/55R18: ubavu 129.3 mm, kipenyo 715.7 mm

Sasa weka jante ya inchi 20 inayopendwa na vijana, na tairi ya 245/45R20: ubavu 110.3 mm, kipenyo 728.5 mm. Kwa nje gurudumu lina kimo karibu kilekile. Ndani, mpira umepungua milimita 36 ukilinganisha na inchi 17, na milimita 40 ukilinganisha na inchi 16. Hicho ndicho unachouza unaponunua jante kubwa.

Angalia pia kwamba kutoka 16 kwenda 17 kiwanda kilipoteza milimita nne tu za ubavu, kwa kuwa kiliongeza kipenyo chote. Kutoka 17 kwenda 18 zimepotea 17. Inchi za jante peke yake hazikuambii lolote mpaka upige hesabu ya ubavu.

Kipenyo kizima kibaki karibu na cha kiwandani. Asilimia 2 juu au chini haina shida kwa gari dogo. 3 ndiyo mpaka wa mwisho. Tairi ikizidi kimo, mita ya mwendo hudanganya kwa kusoma chini ya ukweli. Mtu akitoa 215/70R16 akaweka 225/75R16, kipenyo kinapanda hadi 743.9 mm, yaani 5.2% zaidi. Mahali ambapo mita ilikuwa ikisema 80 kwa haki, sasa unakimbia 84. Gari limeinuka milimita 18, ambazo kwenye makoro ni faida, lakini injini sasa inasukuma gurudumu refu, na kupanda mlima kutoka Sake kuelekea Masisi ukiwa na mzigo utashuka gia mapema kuliko zamani. Fereni nazo zinapata kazi ya ziada kwa sababu hiyohiyo.

Kwa wenye Prado, 265/70R16, 265/65R17 na 265/60R18 zina vipenyo vya 777.4, 776.3 na 775.2 mm. Ni kama kitu kimoja kwa mita na kwa gia. Tofauti yote imo kwenye ubavu: 185.5, 172.3 na 159. Kwa Prado inayokwenda Rutshuru na Minova kila juma, 16 au 17 ndiyo gurudumu la kazi. Lakini kabla ya kushuka hadi 16, hakikisha jante inazipita kalipa (vibanio) za fereni za mbele. Tutafika hapo.

Kinachobadilika ukiwa nyuma ya usukani

Ubavu wa tairi ni springi ya kwanza ya gari. Jiwe dogo halifiki kabisa kwenye springi za chuma. Linamezwa na mpira. Tuseme gurudumu linapanda koro lenye kimo cha sentimita sita kwa mwendo wa 30. Ubavu wa milimita 150 unajikunja, unalimeza jiwe, bado kuna nafasi ya kutosha kabla ya ukingo wa jante. Ubavu wa 110 unafika mwisho. Kwa kitambo kidogo sana mpira unabanwa kati ya jiwe na ukingo wa jante kama nguo iliyobanwa mlangoni, na nyuzi zilizo ndani ya ubavu zinakatika. Kwa nje huoni kitu. Siku mbili tatu baadaye upepo unasukuma mpira pale ambapo nyuzi hazipo tena, na nundu inatokea, ukubwa wa nusu ya limau. Nundu haizibwi. Haitiwi tyubu. Tairi hiyo imekufa, kwa sababu kilichobaki pale ni ngozi ya mpira peke yake, na siku itakapoachia utakuwa na mwendo.

Nguvu ambayo mpira hauimezi haipotei. Inapanda juu: ukingo wa jante unapinda, beringi (rulema) inapigwa, silenbloki (bushi) na rotili (bol-jointi) zinalegea, amortisa inafanya safari fupi za haraka maelfu kwa siku, mafuta yake yanachemka na sili inaachia. Ndani ya gari utasikia dashibodi ikilia na vioo vikigonga. Mwenye gari atabadili amortisa, atabadili rotili, na baada ya miezi atarudi kwenye kelele zilezile, kumbe chanzo kinazunguka chini yake.

Uzito nao usiupuuze. Jante kubwa na tairi yake mara nyingi ni nzito kuliko zile za kiwandani, hasa jante za bei rahisi zilizomiminwa nene. Chukua mizani ya kupimia maharage, ning'iniza gurudumu la zamani, kisha jipya. Likizidi kwa kilo mbili au zaidi, utalisikia. Uzito ulio chini ya springi hauna wa kuutuliza ila springi na amortisa, na hizo zilipimwa kiwandani kwa gurudumu jepesi zaidi. Kwenye barabara yenye mawimbi ya vumbi, gurudumu zito likiruka linachelewa kurudi chini. Kwa muda ambao liko hewani halishiki njia, halifungi fereni, halisikii usukani. Ndiyo maana gari lenye jante kubwa huhisi kama linaelea kwenye barabara mbovu, na mwenyewe hudhani ni paralelisme.

Tuseme na uzuri wake, maana upo. Ubavu mfupi haujipindi sana kwenye kona, kwa hiyo usukani unajibu haraka: ukigeuza, gari linageuka, bila ule uchelewaji mdogo wa tairi ndefu. Kwenye lami kavu na nzuri gari linashika kona vizuri na fereni zinauma. Anayeishi Lubumbashi na kusafiri Likasi au Kolwezi kwa lami hatufanyi kosa kumruhusu inchi 18. Lakini hata hapo kuna deni: tairi fupi na pana huachia ghafla. Tairi ndefu hulia, hulegea, hukuonya kwamba umefika mwisho. Fupi hushika, hushika, kisha hupotea.

Upana una mambo yake mawili. Mvua ikinyesha, tairi pana huelea juu ya maji mapema kuliko nyembamba, na meno yakiwa yameisha ni hatari mara mbili. Kwenye matope, kama yale ya njia ya Minova hadi Kalehe wakati wa mvua, tairi nyembamba hukata tope ikatafuta ardhi ngumu chini, ile pana hupanda juu ya utelezi. Pia tairi pana hufuata mifereji iliyochimbwa na malori: usukani unavutwa mkononi kushoto, kulia, bila wewe kutaka.

Kushuka saizi, tuseme kutoka 17 hadi 16, kunageuza kila kitu. Gari linakuwa laini, jante inakuwa salama, tairi mara nyingi ni rahisi kupatikana. Unachotoa ni ule wepesi wa usukani, na kwenye kona za kasi gari litahisi limelegea kidogo. Kwa mwendo wa Goma, hasara hiyo ni ndogo mno.

Hatua ya 3: Hakikisha matundu, kitovu na nati

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, kwa hiyo tukae kidogo.

Toyota nyingi za mtaani zina bolti tano kwenye duara la 114.3 mm, Prado ina sita kwenye 139.7. Jante yenye matundu sita pima moja kwa moja, katikati ya tundu hadi katikati ya lile linalolikabili. Yenye matano huwezi, kwa kuwa hakuna tundu linalokabili lingine. Pima kati ya matundu mawili jirani, katikati hadi katikati, kisha zidisha kwa 1.701. Ukipata 67.2 mm, duara ni 114.3. Ukipata 65.8, duara ni 112, ambalo ni la magari mengi ya Kijerumani.

Tofauti hiyo ya milimita 1.4 ndiyo inayodanganya. Jante ya 112 inaweza kulazimishwa kwenye bolti za 114.3. Nati zitazunguka, spana itakaza, na kila bolti itakuwa imepinda kidogo. Nati haikai sawasawa kwenye kiti chake, inalegea yenyewe, na bolti iliyopinda huchoka hadi inakatika. Fundi akikuambia "itaingia tu, tutakaza," chukua jante yako uondoke.

Tundu la katikati nalo: kitovu cha habu ya RAV4 ni 60.1 mm. Jante za kununua zina tundu kubwa, kwa mfano 73.1, ili ziingie magari mengi. Nafasi hiyo ijazwe na pete maalumu, 73.1 kwa 60.1, ya aluminiamu au plastiki ngumu. Pete ndiyo inayoiweka jante katikati kabisa kabla nati hazijakaza. Ukiiacha, gari litatetemeka ukifika 80 au 90, na kwa kuwa ndani ya mji hufiki mwendo huo, utakuja kugundua ukiwa njiani.

Nati ni za kutazama kwa macho, moja moja. Jante nyingi za aluminiamu za Toyota za kiwandani hutumia nati yenye washa bapa na shingo ndefu. Jante za chuma, na karibu zote za kununua, zinataka nati yenye mdomo wa koni. Nati ya washa kwenye kiti cha koni haigusi ila ukingo; inaonekana imekaza lakini haijashika. Nunua seti ya nati za koni za M12 × 1.5, na weka zile za zamani ndani ya gari kwa ajili ya gurudumu la akiba kama bado ni la kiwandani. Ukifunga, hesabu mizunguko ya nati kwa vidole: isipungue minane. Chini ya hapo, jante ni nene mno au kuna spesa (bamba la kusogeza jante nje), na bolti haishiki tena.

Hatua ya 4: ET, namba ndogo yenye matata makubwa

Nyuma ya jante pameandikwa kitu kama 17×7J ET45. 7J ni upana wa ndani kwa inchi. ET45 maana yake uso unaokaa kwenye habu uko milimita 45 nje ya mstari wa katikati ya jante. ET ikipungua, gurudumu linatoka nje. Ikiongezeka, linaingia ndani kuelekea amortisa.

Tuseme gari lina 7J ET45 na umeletewa 8J ET35. Inchi moja ni milimita 25.4, nusu yake, 12.7, inakwenda kila upande. Kisha ET iliyopungua kwa 10 inasogeza jante yote nje. Jumla: upande wa nje umetoka 22.7 mm, upande wa ndani umeingia 2.7 mm. Hiyo sentimita mbili na zaidi nje inaonekana nzuri kwa picha, lakini sasa kila jiwe linalogonga upande wa nje linavuta usukani kwa mkono mrefu zaidi, na beringi inabebeshwa mzigo pembeni. Dalili ya kwanza ni usukani kurusha mkono ukipita makoro. Ya pili ni mvumo wa beringi baada ya miezi.

Baki ndani ya milimita 5 za ET ya kiwandani. Spesa za kusogeza jante nje tunazikataa kabisa kwa gari la makoro.

Upana wa jante na wa tairi pia vipatane. 195/65R15 inakubali jante ya inchi 5.5 hadi 7; 225/65R17 inakubali 6 hadi 8. Tairi nyembamba ikivutwa kwenye jante pana, ubavu unalala nje na ukingo wa jante unabaki uchi mbele ya mawe.

Hatua ya 5: Kagua jante ya mtumba

Ilaze chini uso ukiangalia ardhi, tazama ndani. Ukingo wa ndani ndio unaopindwa na mashimo, na ndio ambao muuzaji haupigi rangi. Tafuta alama za kuchomelea, mstari wa ufa, sehemu iliyonyooshwa kwa nyundo. Jante ya aluminiamu iliyochomelewa kwenye ukingo isikae kwenye gari lako. Kisha iweke kwenye mashine ya ekilibraji bila tairi, izungushe, tazama ukingo ukipita mbele ya kidole kilichotulia. Ukicheza zaidi ya milimita moja na nusu, iache.

Hatua ya 6: Jaribu moja kabla ya kufunga nne

Vaa jante moja mbele, upande wowote, ikiwa na tairi na upepo.

Kabla ya hapo piga brashi ya waya uso wa habu mpaka kutu na vumbi la lava liishe. Chembe moja iliyobanwa hapo hulegeza nati baadaye. Weka jante, kaza nati kwa vidole, zungusha. Kati ya kalipa na ndani ya jante pasipungue milimita 4. Ukibandika udongo laini juu ya kalipa na kuzungusha, utaona unene wa nafasi bila kubahatisha. Kati ya tairi na amortisa papite kidole bila kusugua.

Shusha gari, geuza usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto. Kisha panda jiwe pana au ubao mnene kwa gurudumu hilo, watu wanne wakiwa ndani, ugeuze tena. Jante ambayo haisugui gari likiwa tupu linaposimama, husugua likibonyea. Sehemu za kutazama ni ukingo wa ndani wa fenda, plastiki ya ndani, na bomba la fereni. Bomba la fereni likiguswa hata kidogo, usiendelee.

Funga zote nne. Kaza kwa mpangilio wa nyota, siyo mzunguko, mara tatu kwa nguvu inayopanda, na ya mwisho kwa spana ya kupimia nguvu: karibu 103 Nm kwa RAV4 na Corolla. Usikubali kijana akanyage spana kwa mguu na bomba refu. Bolti ikivutwa kupita kiasi hurefuka, na iliyorefuka hailindi.

Baada ya hapo ekilibraji ya zote nne, kisha paralelisme. Kwa gari lenye 4x4 ya kudumu, tairi zote nne ziwe za saizi moja na meno yenye kina kinachokaribiana. Tofauti ya milimita nne za meno ni milimita nane za kipenyo, zaidi ya 1%, na tofauti hiyo inasagwa usiku na mchana na difu ya katikati mpaka inaungua. Gurudumu la akiba lina sheria hiyohiyo: ukibadili kipenyo cha nne, badili na la tano.

Hatua ya 7: Upepo

Pima asubuhi, tairi zikiwa baridi, kabla gari halijatembea. Ukifika kutoka Sake tairi zina moto, mita itasoma juu, usipunguze.

Saizi ikibaki na alama ya mzigo ileile, anza na upepo wa kibandiko. Alama ya mzigo ikiwa ndogo kidogo na huna njia nyingine, ongeza kilo 0.2 hadi 0.3 bila kuvuka kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye ubavu, na usipakie kama zamani. Hapa tairi fupi inakuweka kwenye kona: ukipunguza upepo upate ulaini, jante inakosa kinga, ukiongeza uilinde jante, gari linakuwa gumu kama toroli. Tairi ya ubavu wa 150 inakupa nafasi ya kucheza. Unaweza kushusha kutoka 2.2 hadi 2.0 kwa safari ya polepole ya makoro, chini ya 30 kwa saa, na kurudisha ukifika lami. Usishuke zaidi, kwa sababu ubavu unatanuka pembeni na makali ya koro yanaufikia.

Pancha ya msumari katikati ya meno, tundu lisilozidi milimita 6, kwado anaiziba na unaendelea. Mkato wa ubavu hauna dawa ya kudumu, hata ushonwe vipi.

Hatua ya 8: Sikiliza kilomita mia za kwanza

Baada ya kilomita 50 hadi 100, kaza nati tena kwa spana ileile ya kupimia. Jante mpya hujikalia, na makoro huharakisha.

Kisha toka njia ya Sake, tafuta kipande cha lami kilichonyooka, panda polepole hadi 90. Mtetemo wa usukani unaoanza karibu na 80 ni ekilibraji au pete ya kitovu. Mtetemo unaousikia hata kwa 20, kama gari linachechemea, ni jante iliyopinda au tairi iliyoachana ndani. Gari likivuta upande mmoja, badilishana tairi za mbele kushoto na kulia kabla ya kulipa paralelisme nyingine: likianza kuvuta upande wa pili, kosa ni la tairi. Tairi zenye mshale wa mwelekeo hazibadilishwi hivyo bila kuvuliwa kwenye jante. Mvumo unaoongezeka ukikata kona upande mmoja ni beringi ya upande unaoelemewa.

Kila Jumamosi, kabla ya kuosha gari, pitisha kiganja ubavu wa ndani wa kila tairi, ule usioonekana ukisimama. Mkono utaipata nundu kabla ya jicho. Ukiipata, vaa gurudumu la akiba hapohapo ulipo, hata kama ulikuwa unatoka kwenda karibu tu.